Reli ikifika Uvira, familia nazo zipate kiti

Agosti 2025, viongozi wa Tanzania na Burundi walikutana Musongati, kusini mashariki mwa Burundi, kuzindua ujenzi wa reli ya kisasa kutoka Uvinza. Kipande hicho cha kilometa 282, chenye gharama ya zaidi ya dola bilioni 2, ni mwanzo tu. Mpango ni reli iendelee hadi Gitega na Bujumbura, ivuke mpaka kuingia Uvira, kisha ifike Kindu katika Maniema. Siku kazi itakapokamilika, treni itaunganisha miji mikuu miwili, Dodoma na Gitega, na Uvira itakuwa mlango wa Kongo.

Mazungumzo mengi kuhusu reli hiyo ni ya nikeli ya Musongati, madini ya Kongo na makontena ya bandari ya Dar es Salaam. Ni kweli mizigo ndiyo italipa sehemu kubwa ya deni. Lakini mkaaji wa Mulongwe au Kavimvira ana swali lake: baba na mama wenye watoto watatu watasafiri kwa bei gani?

Leo safari ya familia kwenye mwambao huu ni ya kubahatisha. Kutoka Uvira hadi Bujumbura ni chini ya kilometa 30, lakini mpaka ukifungwa kwa sababu ya vita, kilometa hizo zinakuwa mbali kuliko Kinshasa. Anayekwenda Baraka au Kalemie kwa ziwa anangoja boti ijae, halafu anaomba upepo utulie. Baba anajua nauli ya kwenda, ya kurudi haijui. Ndiyo maana kwenye matanga au harusi ng'ambo ya mpaka anatumwa mtu mmoja, wengine wanabaki nyumbani. Kuna watoto wa Uvira wasiowajua bibi zao wa Kigoma.

Tanzania imeonyesha kwamba jambo hili linaweza kupangwa. Treni ya umeme kati ya Dar es Salaam na Dodoma ilipoanza mwaka 2024, nauli ya daraja la kawaida iliwekwa shilingi 31,000 kwa mtu mzima. Mtoto wa miaka 4 hadi 12 analipa nusu, na aliye chini ya miaka 4 halipi. Basi wazazi wawili wenye mtoto wa miaka 10, wa miaka 7 na wa miaka 2 wanajua mapema: shilingi 93,000 kwa safari ya kilometa zaidi ya 440, kwa muda wa saa nne hivi. Wanaweka akiba, wanachagua siku, wanakwenda.

Ulaya nako watoto wanahesabiwa hivyo. Ujerumani, mtoto wa chini ya miaka 6 anapanda treni bure. Wakongo wanaokaa Brussels wanafika Paris kwa treni ya mbio kwa saa moja na nusu hivi, na wanajua kwamba anayenunua tiketi wiki nyingi kabla hulipa kidogo kuliko anayeamka asubuhi na kukimbilia kituoni.

Uvira si mgeni wa treni. Wakati wa ukoloni, reli ilitoka bandari ya Kalundu hadi Kamanyola, karibu kilometa 90, ikipita uwanda wa Ruzizi. Kusudi lake kubwa lilikuwa mizigo ya Kivu, na kabla ya uhuru wa 1960 ilikuwa imefungwa. Reli inayotegemea mali ya wenye makampuni peke yake huondoka siku mali hiyo inapopata njia nyingine.

Wapo watakaosema ni mapema kuzungumza tiketi wakati wakimbizi bado wanavuka Ruzizi na bunduki hazijanyamaza. Hoja hiyo ni nzito, kwani bila usalama hakuna fundi atakayetandika chuma. Lakini mikataba inaandikwa sasa. Anayekosekana mezani wakati wa kugawa hupewa makombo.

Kwa hiyo Kinshasa na wabunge wa Kivu Kusini wadai mambo matatu. La kwanza, treni za abiria ziandikwe ndani ya mkataba, zenye siku na saa zinazojulikana. Wasafiri wa reli ya Kalemie wanajua taabu ya kungoja treni isiyokuwa na saa. La pili, nauli ya watoto iwe nusu au bure, na itangazwe kwa franka za Kongo, ili familia isile hasara kwa wabadilisha pesa wa mpakani. La tatu, karatasi zikaguliwe mara moja tu, kama inavyofanyika Kobero na Kabanga kati ya Burundi na Tanzania. Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Raia wanangoja kuona faida yake mfukoni.

Madini yatapata behewa lake, hilo halina shaka, kwa sababu yana watu wakubwa wa kuyasemea. Mama mwenye mtoto mgongoni pale Kavimvira hana wa kumsemea mezani, isipokuwa wale aliowapigia kura.