DIWANI HUAPISHWA, NANI HUMFUNDISHA?

Maalim anayeomba kufundisha madrasa huulizwa alisoma wapi na kwa nani. Dereva wa daladala hapewi leseni mpaka ajaribiwe. Mtu anayekabidhiwa ardhi na fedha za Jiji zima yeye huulizwa nini? Sheria humtaka awe raia, awe ametimiza miaka 21, awe amedhaminiwa na chama cha siasa, na ajue kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza. Akishinda ataapishwa, kisha atahudhuria semina elekezi ya siku chache isiyo na mtihani.

Hatusemi haya kwa kuwadharau waheshimiwa wetu. Tunasema kwa sababu tumeona uzito wa mzigo waliotwishwa. Kwa zaidi ya miaka 40, tangu 1973, upangaji na ugawaji wa viwanja vya Dodoma ulikuwa mikononi mwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, CDA, ambayo haikuwajibika kwa madiwani. Tarehe 15 Mei 2017 Rais Magufuli aliivunja, na majukumu yake yakahamishiwa Manispaa. Kabla ya mwaka kutimia, tarehe 26 Aprili 2018, Manispaa ikatangazwa kuwa Jiji. Baraza ambalo jana halikuwa na kauli juu ya kiwanja kimoja likatakiwa kusimamia upimaji, fidia, mauzo na migogoro iliyorithiwa. Je, nani aliwakalisha madiwani wale darasani akawafundisha kusoma ramani ya mipango miji, au kutambua fidia iliyopunjwa?

Mkurugenzi wa Jiji huteuliwa na Rais, na wakuu wa idara ni wasomi wa fani zao. Diwani ndiye anayetakiwa kuwasimamia hao. Huletewa kabrasha nene la makadirio ya mapato na matumizi, akaambiwa apitishe. Asiyeweza kulisoma ana njia mbili: anyamaze, au apige kelele juu ya posho. Zote mbili humfaa mla fedha za umma.

Matunda yake tumekwisha kuyaonja. Kila halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kuwakopesha wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Ni mikopo isiyo na riba, jambo ambalo msikiti wowote ungelifurahia. Lakini Aprili 2023 Serikali ilisimamisha mikopo hiyo nchi nzima baada ya ukaguzi kufichua vikundi hewa na marejesho yasiyorejea, na haikurudishwa hadi 2024. Vikundi hewa huishi katani, na katani ndiko diwani anakoongoza Kamati ya Maendeleo ya Kata.

Wako watakaosema kwamba tunataka kuweka shahada kuwa sharti, ili mkulima wa Zuzu au Mpunguzi asigombee. La hasha! Wapo wenye shahada walioila amana, na wapo wazee wasio na cheti walioilinda. Tunachotaka ni kwamba aliyekwisha kuchaguliwa, awe profesa au mfuga mbuzi, asomeshwe hesabu za umma, sheria ya ardhi na taratibu za manunuzi, apimwe, na matokeo yabandikwe kwenye ofisi ya kata waliomchagua wayaone.

Wala pasitolewe udhuru wa umbali. Chuo cha Serikali za Mitaa kiko Hombolo, ndani ya mipaka ya Jiji hili hili. Vijana kutoka mikoa mingine husafiri siku nzima kukifuata. Mheshimiwa wa Dodoma anaweza kwenda asubuhi akarudi nyumbani jioni.

Basi enyi waumini, diwani akija msikitini akaomba kusalimia baada ya swala ya Ijumaa, mpeni nafasi. Kisha mwulizeni mbele ya safu zote: hoja gani za Mkaguzi Mkuu ziliihusu halmashauri yetu mwaka jana, na wewe ulisema nini siku zilipojadiliwa?