Kutafsiri menyu hakutoshi

Leo naweka kodi kando kidogo tuzungumze kuhusu Wamaori wa Nyuzilandi na madarasa yao.

Kwa miaka mingi watoto wa Kimaori walichapwa shuleni kwa kusema lugha yao. Sisi Wakenya hadithi hiyo tunaijua. Mimi nilivishwa kibao shingoni nikiwa darasa la nne kwa neno moja tu la lugha ya mama. Leo nikiongea na nyanya yangu, sentensi ya tatu nakwama.

Mwaka 1972 Wamaori walipeleka bungeni ombi lenye sahihi zaidi ya 30,000 wakitaka lugha yao ifundishwe shuleni. Lakini hawakungoja serikali tu. Mwaka 1982 walifungua kohanga reo ya kwanza, yaani kiota cha lugha: chekechea ambamo wazee huongea na watoto Kimaori kitupu, wakati wa kucheza, kula na kuimba. Mwaka 1987 Kimaori kikawa lugha rasmi.

Maoni yangu ni haya. Shule inayoongeza kipindi kimoja kwa wiki na bango la "Kia ora" mlangoni imetafsiri menyu tu. Programu yenyewe ni ile ile. Kiota kilibadilisha mfumo mzima. Chukua pepeha: Mmaori akijitambulisha hutaja mlima wake, mto wake na mtumbwi uliowaleta mababu zake, ndipo afikie jina lake. Mtoto akikariri maneno hayo bila kujua mlima wenyewe, amejifunza nini?

Sisi watu wa tarakilishi pia tuna kazi hapa. Kwa Kimaori keke ni keki, lakini kēkē ni kwapa! Programu ikimeza kistari hicho, inamharibia mwalimu somo. Mwaka 2018 Te Hiku Media, kituo cha redio cha Wamaori, kilikusanya takriban saa 300 za sauti kwa siku 10 ili kufundisha kompyuta kuelewa Kimaori, na data hiyo wakakataa kuikabidhi kwa kampuni kubwa.

Najua mzazi atauliza: lugha hiyo itampa mtoto kazi gani? Swali halali. Lakini Kiingereza bado wanakijua. Hakuna aliyewaambia wafute kimoja ndipo wasakinishe kingine. Mbona sisi tuliambiwa hivyo?

Wewe waonaje?