Tuache kucheka kidole cha mzee

Hapa Makadara, mzee akiamka kidole gumba cha mguu kimevimba na kuwa chekundu kama nyanya, vijana wa mtaa tayari wana jibu: "Nyama za Burma zimemrudia!" Kicheko. Kisha mtoto anatumwa kemisti kununua tembe za maumivu, na mambo yanaishia hapo hadi usiku mwingine.

Kicheko naweza kukisamehe. Hiyo safari ya kemisti ndiyo inayonitia wasiwasi.

Ugonjwa wenyewe ni jongo, wengi wetu tunauita gauti. Asidi ya yuriki ikizidi kwenye damu, hugeuka vichembe vyenye ncha kama sindano, ambavyo hupenda sehemu za mwili zenye baridi, hasa vidole vya miguu. Utadhani ncha hizo ndizo zinazochoma. Wapi! Seli nyeupe za damu humeza vichembe hivyo, na ndani yake mna protini iitwayo NLRP3, ambayo ni kama soja wa ploti: ikihisi mgeni wa kushukiwa, inapuliza firimbi. Seli inamwaga kemikali iitwayo interleukini-1, na jeshi zima la kinga linafurika kwenye kidole kimoja. Jürg Tschopp na wenzake kule Lausanne, Uswisi, walilionyesha hili mwaka 2006. Ndiyo maana hata shuka ikigusa kidole, mzee anapiga nduru.

Tembe kama diklofenaki hupunguza kelele tu, vichembe vinabaki. Tena, zikimezwa ovyo wiki baada ya wiki zinaweza kuharibu figo, zile zile zinazotegemewa kuitoa asidi hiyo.

Kwani si aache nyama tu? Kupunguza matumbo na hasa pombe kunasaidia, ila kwa wengi tatizo kuu ni figo zisizotoa asidi ya kutosha, na mara nyingi hilo hurithiwa. Leo unamcheka babako, kesho ni zamu yako.

Apelekwe kliniki apimwe asidi na figo. Alopurinoli, dawa iliyotumika tangu miaka ya 1960, huishusha asidi, na daktari hulenga iwe chini ya miligramu 6 kwa desilita. Humezwa kila siku, hata kidole kikiwa kimetulia. Miezi ya kwanza kinaweza kuvimba tena, vichembe vya zamani vikiyeyuka, na hapo ndipo wazee wengi huitupa dawa. Kwa hivyo ukimpeleka mara ya kwanza, panga na siku ya kumrudisha.