Kobe wa Lambo Si Kobe Tu

Likizo iliyopita nilipeleka ng'ombe wa babu kunywa maji lamboni. Huko niliwakuta watoto wakimpiga kobe kwa mawe. Nilipowakataza, mkubwa wao akanijibu, "Kwani kaka, akifa huyu si wako wengine?" Jibu hilo sikulisahau, maana hata sisi tulio shuleni twafikiri vivyo hivyo.

Ndugu wasomaji, kuna kobe wa maji ambao hujifukia matopeni wakati wa kiangazi na kutoka mvua zinyeshapo. Kwa muda mrefu wataalamu walidhani kwamba kobe hao ni aina moja tu, kwa kuwa kwa macho wafanana sana. Lakini walipochunguza vinasaba vyao waliona tofauti kubwa, na mwaka 2014 walitangaza ya kuwa aina hizo ni kumi, sita kati yake zikiwa hazijapata kupewa jina. Mojawapo yatoka hapa Tanzania, nayo huitwa Pelomedusa kobe, kwa neno letu la Kiswahili.

Mfugaji hutambua ng'ombe wake kwa alama aliyomtia. Alama za vinasaba hazitiwi na mtu. Kobe huzirithi kwa wazazi wake, na damu kidogo yatosha kuzisoma. Faida yake ni kubwa. Mwaka 2019 mataifa yalipiga marufuku biashara ya kimataifa ya kobe bapa wa mwituni, yule wa nchi kavu akaaye katika nyufa za miamba. Akikamatwa kwa wasafirishaji haramu hawezi kusema kwao ni wapi, lakini vinasaba vyake vyaweza kulinganishwa na vya kobe wa mahali mbalimbali, ili asirudishwe ugenini.

Wengine watasema hayo ni mambo ya wenye shibe. Mimi sikubali. Kobe wa maji hula wadudu, konokono na mizoga katika maji yale yale wanywayo ng'ombe wetu.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. Kwanza, tusiwaue kobe wala kuwahamisha kutoka lambo moja hadi jingine, tusije tukachanganya aina zilizotengana tangu kale. Pili, chama chetu cha sayansi kiandike kila msimu ni kobe wangapi wameonekana, na wapi.

Kobe mmoja akifa, wako wengine. Aina nzima ikiisha, tutaitoa wapi?

Mwanafunzi, Kidato cha Nne