Maongezi ya Nyumbani: Sanduku Lifunguliwe Mchana

Mwezi huu twapenda kuongea nanyi habari ya upole wa kiongozi wakati wa taabu. Tusemapo kiongozi hatumsemi mtemi wala mwenye cheo peke yake. Baba nyumbani ni kiongozi, na mama vilevile. Mwalimu mbele ya watoto 40 ni kiongozi. Hata kaka aliyeachiwa wadogo zake siku moja, siku ile ni kiongozi. Katika siku za raha kila mtu aweza kuongoza. Kazi iko katika siku ya msiba, siku ya homa, siku ya njaa na ya deni. Hapo ndipo mtu ajulikanapo kwa sauti yake.

Twaanza na jambo lililotupata sisi wenyewe, wala si la kujisifu. Tulikuwa msibani karibu na Igalula, pale penye kituo cha reli mashariki ya Tabora. Marehemu alikuwa mkulima wa tumbaku, naye aliacha mjane, watoto, na sanduku moja la bati lenye kufuli. Usiku wa kwanza ndugu mmoja wa marehemu alilichukua sanduku lile, akalifungua peke yake chumbani kwa mwanga wa taa. Kulipokucha maneno yalikuwa yamekwisha kuenea: fedha za tumbaku zimekwenda wapi? Watu wa ukoo wakaanza kushutumiana, mjane akalia, watoto wakajikunyata ukutani. Na sisi tulioitwa tupatanishe, tulifanya nini? Tulipaza sauti kuliko wote. Tuliwaamuru watu wanyamaze, nasi wenyewe hatukunyamaza. Kila tuliposema neno, ugomvi ulizidi.

Aliyeiokoa siku ile ni shangazi wa marehemu. Alikuja polepole na fimbo yake, akasema, "Mwangaluka, wanangu." Ikatupasa sote kuitika, maana salamu ya mzee haiachwi. Akaomba maji, akanywa. Akaagiza mkeka utandikwe uani, penye mwanga. Kisha akasema, kwa sauti ndogo hata tukanyamaza ili tupate kusikia: "Lileteni hilo sanduku hapa. Na mtoto ajuaye kuandika alete daftari lake."

Kila kitu kikatolewa, kikatajwa, kikaandikwa: shuka mbili, karatasi za mauzo ya tumbaku, fedha kidogo, na hati ya deni ambalo hapana aliyelijua. Fedha zilizotafutwa zilikuwa zimekwenda kulipa sehemu ya deni lile. Ndipo yule ndugu, aliyeitwa mwizi tangu alfajiri, akainama akalia. Alisema ya kwamba aliiona hati usiku, akaogopa kuwa mjane akisikia habari za deni kabla ya maziko, moyo wake utavunjika mara mbili. Basi alificha kwa huruma. Lakini huruma yake nusura ivunje nyumba.

Tulipokuwa tukirudi Tabora tuliongea njiani, tukakumbuka habari ya kale ya nchi hii hii. Kabla reli haijafika Tabora mwaka wa 1912, watu walikwenda kwa miguu. Njia kuu ya misafara, kutoka Bagamoyo hata Ujiji, ilipita Unyamwezi, na Wanyamwezi walisifiwa kote kwa upagazi wao. Kwihara, karibu na Tabora, palikuwa mahali pa kupumzika na kutafuta wapagazi. Hapo ndipo David Livingstone alipoondoka mwezi wa Agosti 1872 kwa safari yake ya mwisho, akiwa na watu wake, na miongoni mwao Abdullah Susi, James Chuma na Jacob Wainwright.

Mnamo Mei 1, 1873, kabla ya alfajiri, kijana Majwara alimwamsha Susi, akamwambia ya kwamba haelewi hali ya bwana. Susi akaamsha wenzake wachache, wakaingia kibandani, wakamkuta mgonjwa wao amepiga magoti kando ya kitanda, naye amekwisha kufa. Walikuwa katika kijiji cha Chitambo, karibu na ziwa Bangweulu, katika nchi iitwayo leo Zambia. Fikirini hali yao: watu kama 60, katika nchi ya kigeni, wakati wa mvua na matope, bwana wao amekufa, na pwani ni mbali, zaidi ya kilometa 1,600. Wakirudi mikono mitupu, nani atasadiki ya kwamba hawakumtupa au hawakumuua? Hapo lingalitosha neno moja la hofu, na kila mtu angalitwaa mzigo wake akatoroka.

Susi na Chuma hawakupiga kelele. Kulipopambazuka waliwakusanya wenzao wote, wakawaambia habari. Masanduku ya marehemu yakafunguliwa mbele ya macho ya wote, na Jacob Wainwright, aliyesoma katika shule ya misioni huko Nasik, India, akaandika kila kilichomo. Nia yao ilikuwa hii: kwamba mambo yale yawe juu ya wote, pasiwe na mtu wa kusema baadaye, "Mimi sikuwapo." Kisha wakashauriana. Wenzao wakawakubali Susi na Chuma kuwa wakubwa wao, kwa kuwa walikuwa wazoefu wa safari na taabu zake. Angalieni sana utaratibu huu, wasomaji: kwanza habari, kisha hesabu, kisha shauri, mwisho amri. Sisi kule msibani tulianza na amri.

Lakini watu wale hawakuwa malaika. Walimwogopa mtemi Chitambo, wasije wakatozwa faini kubwa kwa sababu ya mauti katika nchi yake, kwa hiyo wakamficha habari. Chuma akaenda kumwomba ruhusa tu ya kujenga mahali nje ya kijiji. Siri haikudumu. Watu wao waliokwenda kununua chakula waliitoa, na Chitambo akaja mwenyewe kuuliza kwa nini hawakumwambia kweli. Naye angeweza kukasirika, maana amedharauliwa katika nchi yake. Hakukasirika. Alisema ya kwamba yeye naye amesafiri, amefika pwani, tena watu wengi hufa safarini. Anajua ya kuwa nia yao si mbaya. Nao wakaungama hofu yao, wakampa zawadi, na Chitambo akaja na watu wake kuomboleza pamoja nao. Mara nyingi twawasifu Susi na Chuma tukamsahau mtemi huyu. Kama angalipaza sauti siku ile, safari yote ingalikufa palepale. Mithali yetu husema, mkubwa ni jalala. Maana yake, mkubwa hutupiwa kila takataka, akavumilia.

Wakauzika moyo wa bwana wao chini ya mti, Jacob akasoma sala za maziko. Mwili wakautia chumvi, wakaukausha juani kwa siku 14, wakauvika nguo na magome ya mti, wakaushonea katika turubali, wakaondoka. Hawajaenda mbali, nusu yao wakashikwa na ugonjwa, ikawabidi kungoja karibu mwezi mzima. Baadaye, katika kijiji cha Chawende, uvumilivu uliwashinda. Wenyeji wengi walikuwa wamekunywa pombe. Maneno yakawa makali, mikono ikafuata maneno, na silaha zikafuata mikono. Watu wakafa, na kijiji kikatwaliwa kwa nguvu. Twalitaja jambo hili kwa kuwa ni kweli, tena lina faida kwetu: mtu aliyetulia jana aweza kushindwa leo. Upole si nguo ambayo mtu huivaa mara moja ikatosha. Hutafutwa upya kila asubuhi.

Mwezi wa Oktoba 1873 walifika Unyanyembe, wamechoka na wenye njaa. Kule Kwihara walimkuta Luteni Verney Lovett Cameron pamoja na wenzake, waliotumwa kumsaidia Livingstone, na wote wameugua homa. Cameron aliwapa shauri wauzike mwili papo hapo, kwa kuwa njia ya Ugogo ina hatari. Shauri lilitoka kwa mkubwa wa Kizungu, nao walikuwa wapagazi maskini waliohitaji msaada wake. Wakamkatalia. Hawakumtukana wala hawakugombana naye. Walishika neno lao tu, ya kwamba bwana wao atazikwa kwao. Cameron akawaachia. Basi mtu asidhani ya kwamba upole ni kukubali kila neno. Mtu mpole aweza kusema "hapana", na "hapana" yake ikasimama bila kelele.

Siku chache baadaye, mahali paitwapo Kasekera, taabu mbili zikawapata. Daktari Dillon, mwenzake Cameron, aliyefuatana nao, alizidiwa na homa hata akili ikamwacha, akajiua kwa bunduki. Na wenyeji wakakataa maiti isipite katika nchi yao. Ndipo Susi na wenzake wakajifanya wanaurudisha mwili Unyanyembe. Wakafunga mabua katika nguo mfano wa maiti, watu sita wakayachukua, wakayatupa porini, wakarudi mmoja mmoja kwa siri. Na mwili wenyewe wakaufunga upya kama robota la nguo, ukapita.

Msomaji atauliza: Je, si uongo huo? Swali hili ni la haki, nasi hatutaki kulikwepa. Twasema hivi: hofu ya wenyeji wale ilikuwa ya kweli kwao, na hofu haipungui kwa kupigwa. Pale Chawende walitumia bunduki, na damu ikamwagika. Hapa Kasekera hawakuzitumia, wala hapana aliyeumia. Hata hivyo hila si kiolezo cha nyumba yetu. Wale walikuwa wageni njiani, watapita wasirudi. Sisi twakaa na watu wetu miaka yote, na yule tuliyemdanganya jana ndiye tutakayekula naye kesho.

Mwezi wa Februari 1874 walifika Bagamoyo, miezi tisa tangu bwana wao alipokufa, wakautoa mwili. Wengi wao wakapewa mishahara yao, wakaambiwa waende zao. Hapakuwa na shangwe. Jacob akafuatana na mwili mpaka Uingereza, ukazikwa London, katika kanisa la Westminster Abbey, Aprili 18, 1874. Susi na Chuma walifika huko baadaye, wakamsimulia Horace Waller habari hizi, naye akazitia katika kitabu. Jacob alirudi Afrika, akafa mwaka wa 1892 huko Urambo, magharibi ya Tabora. Basi anayetafuta sifa kwa upole wake atangoja sana. Faida ya upole ni kwamba kazi hufika mwisho, na watu waliokuwa pamoja mwanzoni waweza kutazamana usoni.

Sasa turudi nyumbani na shuleni. Twawapa maneno manne ya kufanyia kazi mwezi huu.

Kwanza, taabu ikiingia, fanyeni kwanza jambo dogo la mwili: kaeni, nyweni maji, salimianeni. Shangazi yule hakuanza na shauri. Alianza na mkeka. Mwalimu, upepo ukiezua paa la darasa, usipige kelele mlangoni. Simama mahali ambapo watoto wote wakuona, uwaite majina kwa utaratibu. Mtoto akisikia jina lake limetajwa kwa sauti ya kila siku, hujua ya kwamba siku haijaharibika yote.

Pili, semeni habari mapema, na semeni kwa wote pamoja. Baba aliyepata hasara ya mavuno asiifiche hata siku ya kudaiwa ada ya shule. Aseme tulicho nacho ni hiki, tunachodaiwa ni hiki. Watoto hawaumizwi na umaskini uliosemwa kama wanavyoumizwa na mnong'ono wa nyuma ya pazia.

Tatu, hesabu iandikwe. Fedha za rambirambi, mali ya marehemu, michango ya mgonjwa, vyote viandikwe mbele ya watu, na mtu zaidi ya mmoja ashuhudie. Huko si kutoaminiana. Daftari humlinda mwaminifu kuliko linavyomkamata mwizi.

Nne, mkiisha kukosa, ungameni upesi. Susi na Chuma waliungama kwa Chitambo, wakapata mwenzi wa kuomboleza. Sisi nasi, kabla hatujaondoka Igalula, tulimwendea yule ndugu wa marehemu, tukamwomba radhi kwa kelele zetu, kwa sababu sauti yetu ilikuwa miongoni mwa zile zilizomwita mwizi. Akatushika mkono. Hakusema mengi. Alituonyesha lile daftari la mtoto, ambalo mjane ameliweka ndani ya sanduku la bati, akasema ya kwamba siku hizi ufunguo umetundikwa ukutani, mahali ambapo kila mtu wa nyumba aweza kuuona.