Kichochoro, si Mfereji

Mfasiri wa biolojia mwenye haraka huandika "mfereji wa ioni", kisha akaendelea na safari yake. Istilahi hiyo inapotosha. Mfereji huchimbwa katika kitu kimoja, ilhali njia ya potasiamu kwenye utando wa seli haichimbwi popote: visehemu vinne vya protini hukutana, vikajipanga duara, na upenyo unaobaki katikati ndio njia. Kimoja pekee hakiwezi kuwa njia. Roderick MacKinnon na wenzake walilidhihirisha umbo hilo mwaka 1998. Nobel ya Kemia ikamfikia mwaka 2003. Tena visehemu hivyo havichanganyiki kiholela. Katika jamii kadhaa za protini hizo, kila kisehemu kina ncha ya kutambua wenzake, na kisicho cha ukoo hakipokelewi.

Mwanafunzi wa Kayole au Umoja anayeyakariri haya kwa Kiingereza ili afaulu mtihani hupita kila jioni ndani ya mfano wake. Kichochoro hakijengwi, hujengwa nyumba, nacho kikazaliwa kati ya kuta. Ukibomoa ukuta mmoja, kichochoro hakipo. Basi na kiitwe "kichochoro cha ioni". Watakaolibeza neno hilo kuwa la mitaani wakumbuke kuwa ni Kiswahili sanifu, wala si Sheng. Mwenye lililo bora na alilete.