Gitaa la Bei Rahisi

Ndugu walimu, mzazi mmoja wa hapa Kamembe alitujia na gitaa jipya alilomnunulia mwanawe, akaisifu bei yake ndogo. Tulizikaza nyuzi zote sita. Wimbo haujafika nusu, mbili zilikwisha legea. Nazo ziliinuka mno juu ya shingo, hata vidole vya mtoto vikachubuka. "Kwa mwanafunzi yatosha," husema wauzaji, na baadhi yetu huitikia!

Sisi twaipinga kauli hiyo. Mwalimu gani humpa anayeanza Kiswahili kamusi iliyojaa makosa, kwa hoja kwamba bado anajifunza? Mpigaji mkongwe huijua kasoro ya chombo, akaikwepa. Mtoto hudhani kasoro ni yake, akaacha.

Tena si lazima chombo kiwe cha fahari. Inanga, iliyochongwa katika kipande kimoja cha mti, haina hata vigingi vya kukazia. Uzi mmoja mrefu hupitishwa huku na huku katika meno ya ncha zake. Sophie Nzayisenga alifunzwa inanga utotoni na babaye, Kirusu Thomas, naye leo ni bingwa.

Hatusemi gitaa liachwe. Twasema kuukuu lililokaguliwa na mpigaji wa kwaya, ama la kuazima, lashinda jipya lisiloshika sauti. Yule mzazi angalituuliza kabla ya kulipa! Sasa gitaa latundikwa ukutani, na mtoto amerudia mpira wake.